Nafasi Moja Kwenye Kola

Hapo zamani, lakini msiende mbali sana. Si zamani ile ya sungura na fisi kula sahani moja. Ni zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa za vibonye na chaji ikikaa wiki nzima. Palikuwa na chuo cha ualimu kilichoitwa Lukhoba. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina jini wala mfalme. Ina jezi moja, na nikifika mwisho nitawatwika jezi hiyo muibebe nyinyi, maana mimi imenishinda.

Chuo cha Lukhoba kilikuwa kidogo, kimekaa juu mlimani kwenye baridi ya kutafuna masikio. Maji yalikuwa ya kisima, mabati yalikuwa na kutu, lakini raga walicheza. Raga mnaijua: ule mpira mrefu kama papai, watu kumi na watano huku, kumi na watano kule. Unaubeba mkononi, unakimbia nao, na aliye mbele yako anakubwaga chini bila kukuomba radhi. Katika hao kumi na watano yuko mmoja anayeitwa namba kumi. Huyo ndiye kichwa cha timu. Mpira ukichomoka kwenye rundo la watu unamfikia yeye, na yeye ndiye anayeamua: tupige teke, turushe kulia, turushe kushoto, au tugonge katikati? Ana muda wa kuvuta pumzi moja tu, na watu wazito wanamjia mbio. Akiamua vizuri wanasifiwa wote. Akikosea analaumiwa peke yake.

Jezi nyingine za Lukhoba zilinunuliwa dukani, zikichakaa zikawa matambara ya kupangusia ubao. Jezi ya kumi haikutupwa. Aliishona fundi wa chuo, marehemu mume wa Mama Nasambu, kwa pamba nzito ya kijani, akaikata pana kama nguo za enzi zile, akaitia kola nyeupe. Kila aliyekuwa kumi aliivaa hiyo hiyo. Na ndani ya kola kulikuwa na majina yaliyoshonwa kwa uzi wa manjano. Si majina ya wote walioivaa, hata kidogo! Sheria ilikuwa fupi: jina ni la kumi aliyeshinda fainali. Ukishinda fainali ya vyuo, Mama Nasambu, aliyerithi cherehani ya mumewe, anakushonea jina lako, unaivaa jezi, unazunguka nayo uwanja mara moja huku chuo kizima kikikuimbia. Majina yalikuwa saba. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya jina moja.

Tena kulikuwa na desturi nyingine, nayo ndiyo iliyoleta balaa lote hili. Kumi hafui jezi yake. Jezi ya kumi hufuliwa na kumi wa akiba, yule anayekaa benchi akingoja. "Ifue kwanza, uijue, ndipo uivae," walisema watu wa Lukhoba. Na mfuaji haruhusiwi kuijaribu mwilini, hata akiwa peke yake, hata mlango ukiwa umefungwa.

Basi wakaja vijana watatu siku moja, wakapangwa chumba kimoja. Wa kwanza aliitwa Otsieno, kijana mrefu wa huko Samia, mwenye kujipenda kidogo na kucheka sana. Wa pili aliitwa Ndiema, Msabaoti kutoka Mlima Elgon, mwili wake mlango na nusu. Akikaa kitandani, kitanda kinalalamika. Wa tatu aliitwa Khaemba. Huyu Khaemba ndiye tutakayetembea naye, kwa hiyo mtazameni vizuri: si mrefu, si mfupi, si msemaji, ana vidole virefu vya mtu wa kupiga gita, ingawa gita hakuwa nalo.

Ndiema alipelekwa mbele, kwenye kusukumana, bila mjadala. Otsieno na Khaemba wote walitaka kumi. Kocha alikuwa Mwalimu Agesa, mtu wa maneno ya kuhesabu. Akawaambia wapige mipira kumi kila mmoja ipite kati ya nguzo. Otsieno akapitisha tisa. Khaemba akapitisha tisa. Mwalimu akasema, "Mmoja mmoja tena." Otsieno akapiga, mpira ukagonga nguzo, ukaingia ndani. Khaemba akapiga, mpira ukagonga nguzo ile ile, ukatoka nje.

"Otsieno, kumi," akasema Mwalimu Agesa. "Khaemba, wewe ngoja."

Ngoja! Neno hilo likamganda. Kufikia jioni chuo kizima kilimwita Bwana Ngoja, hata wapishi jikoni. "Bwana Ngoja, chai haijaiva, ngoja." Naye akicheka nao, kwa sababu usipocheka wanazidisha.

Jumamosi ikafika, mechi ikachezwa, na jezi ikaletwa kwa Khaemba imejaa matope. Akachota maji ya kisima, akasugua kwa sabuni ya mche, akasuuza mara tatu. Alipoigeuza ndani nje akayaona yale majina saba. Akapitisha kidole gumba juu yake, moja baada ya jingine, hadi akafika pale pasipo na uzi. Pakalingana na kidole chake. Moyo wake ukamruka, nawaambia kweli, ukamruka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina gizani. Tangu saa ile hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka kuwa tajiri, hakutaka hata kuoa upesi. Alitaka kuingiza kichwa kwenye kola ile na kusikia ubaridi wake shingoni.

Akafua, akaanika, akangoja.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Otsieno alicheza, Khaemba alifua. Otsieno alipiga mikwaju, Khaemba alimrudishia mipira. Usiku Otsieno akieleza mchezo wote upya kwa mikono na miguu, na Khaemba akisikiliza kila neno, akiujua mchezo wote kuliko mchezaji. Walipendana, msidhani walichukiana. Ndiyo maana hadithi hii inauma.

Mwaka wa pili akaja mgeni. Alikuwa kocha wa Chuo cha Bonde, chuo kikubwa huko chini kwenye joto, chenye mabomba ya maji moto na jezi mpya kila mwaka. Akamwona Khaemba mazoezini, akamvuta kando.

"Kijana, hapa unafulia watu nguo. Njoo kwetu, Jumamosi ijayo wewe ni kumi. Alhamisi saa nne gari letu litapita langoni kwenu."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa umsikilize yupi? Khaemba alilisikiliza tumbo. Alhamisi akafunga sanduku lake, akalibeba, akashuka hadi langoni. Gari lilikuwapo, injini inanguruma. Akageuka kutazama chuo mara ya mwisho, akaona wingu jeusi limepanda kutoka mlimani, na chini ya wingu, kwenye kamba nyuma ya mabweni, jezi ya kumi, mikono imening'inia, inangoja mvua.

Akaweka sanduku chini. "Dakika moja tu," akamwambia dereva. Akapanda mbio. Mvua ikaanza naye akiwa katikati ya njia. Akaianua jezi, akaificha chini ya shati lake isilowe, akasimama chini ya ukingo wa bati. Huko chini gari likapiga honi mara moja, mara mbili, likaondoka.

Jioni Ndiema alimkuta analibeba sanduku lililolowa kulirudisha chumbani. "Bwana Ngoja," akasema, "wewe unangoja kila mtu, lakini wewe hakuna anayekungoja." Kisha akampokea sanduku, akalibeba kwa mkono mmoja, na hakumwambia mtu yeyote habari ile.

Mwaka wa pili ukaisha. Akafua, akaanika, akangoja.

Mwaka wa tatu, ambao ulikuwa wao wa mwisho, barua ikaja kwamba Lukhoba kitaunganishwa na chuo kingine. Jezi ya kumi, barua ikasema, itawekwa kwenye kabati la kioo katika ofisi ya huko. Hakuna atakayeivaa tena. Kwa hiyo ile nafasi moja kwenye kola ingejazwa mwaka huo au isijazwe milele.

Hapo Lukhoba wakacheza kama waliopagawa. Wakashinda ya kwanza, wakashinda ya pili, wakashinda ya tatu. Otsieno hakuwahi kucheza vile. Aliona mianya ambayo hata ndege wangekosa kuiona. Lakini timu ilipungua: huyu mguu, yule homa, wengine wamepelekwa shule za mbali kufundisha kwa majaribio. Walipovuka nusu fainali walibaki wazima kumi na sita: kumi na watano wa kucheza, na Khaemba benchini, na jezi yake nyembamba ya namba kumi na sita.

Jumapili akaletewa jezi ya kumi aifue. Akaigeuza ndani nje kama kawaida. Kwenye bega la kulia akasikia harufu ya dawa ya kuchua, akaona gundi ya plasta imeganda kwenye pamba. Otsieno hakuwa amesema neno. Khaemba akaiacha jezi kwenye beseni, akaenda chumbani, akamkuta Otsieno anajaribu kuvua shati kwa mkono mmoja.

"Bega limeachia?"

"Limeachia, likarudi."

"Mwalimu anajua?"

"Ndugu yangu, nakuomba." Otsieno akakaa kitandani, na kicheko chake chote kikawa kimemtoka. "Baba anakuja fainali. Ni askari huko kaskazini, miaka tisa hajaniona nikicheza chochote, hata gololi. Amepewa ruhusa ya siku tatu. Siku tatu, Khaemba! Atumie mbili barabarani aje anione nimekaa benchi?"

Sasa mtazameni Khaemba pale mlangoni, mikono bado ina povu. Neno moja kwa Mwalimu Agesa, moja tu, na Jumamosi kumi ni yeye. Angeingiza kichwa kwenye kola ile mbele ya umati wote, fainali ya mwisho, nafasi ya mwisho. Na neno lenyewe lilikuwa la kweli, wala asingekuwa msengenyaji. Alilisikia limemfika ulimini. Akalimeza.

"Geuka," akasema. "Nikufunge vizuri, hivyo ulivyojifunga utaumia zaidi."

Juma lote akamfunga bega kila asubuhi na kulifungua kila jioni. Na Ijumaa akaifua jezi kwa mara ya mwisho kabla ya fainali. Aliifua muda mrefu kuliko mara zote. Jumamosi alfajiri akaianua ikiwa imekauka, akaikunja mara nne, akaibeba kifuani hadi kwenye basi. Kwenye kamba ile ile kulikuwa na jezi tatu pana za ziada, za kubadilisha mtu akichaniwa yake. Alizifua yeye, na kuzileta ilikuwa kazi yake. Hakuziona. Alikuwa na macho ya jezi moja tu. Zikabaki kambani zinapigwa na jua la Lukhoba, na basi likaondoka.

Fainali ilikuwa dhidi ya nani? Bonde, nani mwingine! Uwanja ulijaa. Na mstari wa mbele alisimama mtu mwembamba wa sare za askari, kofia mkononi: baba yake Otsieno.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Otsieno. Alipiga penalti ya kwanza, ikapita. Alipiga ya pili, ikapita. Akachomoka kati ya watu wawili akatua trai mwenyewe, yaani akauweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa Bonde, alama tano, akaipigia mkwaju wa nyongeza wa alama mbili, ukapita. Alama kumi na tatu, zote za mguu na mkono wake. Bonde walikuwa na tatu. Yule askari alipiga kofia yake pajani mpaka ikapoteza umbo.

Kipindi cha pili bega likakataa. Mkono wa kulia haukurusha tena, na Bonde wakagundua. Wakamlenga yeye. Kila mpira, wanamgonga yeye. Wakafunga trai, wakafunga nyingine na mkwaju juu yake: Bonde kumi na tano, Lukhoba kumi na tatu. Zikiwa zimebaki dakika nane Otsieno akaanguka na hakuinuka. Mwalimu Agesa akaingia, akalishika lile bega, akaliona lilivyofungwa kistadi kwa plasta ya siku nyingi, akamtazama Khaemba kule benchini. Akamwonyesha kwa kidole: njoo.

Otsieno akatolewa. Pale mstarini akavua jezi kwa kusaidiwa, akamkabidhi Khaemba, akamshika shingoni. "Sikiliza. Namba kumi na mbili wa Bonde hufuata mpira, hafuati mtu. Nimemwona mechi nzima. Hufuata mpira." Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa mkono mzima.

Khaemba akaishika jezi. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu mwingine, matope na jasho, na yeye aliiona safi kuliko kitu chochote. Akaingiza mkono wa kushoto. Akainua kola aipitishe kichwani.

"Wewe namba nane!" Mwamuzi alikuwa anapaza sauti. "Hiyo nguo vipi?"

Wote wakageuka. Ndiema alikuwa amesimama katikati ya uwanja, jezi yake imepasuka kutoka shingoni hadi kiunoni, na kilichobaki kimelowa damu ya pua yake. "Hairuhusiwi," mwamuzi akasema. "Badili au toka. Sekunde thelathini."

Khaemba akakimbilia mfuko wa jezi, mkono mmoja ukiwa ndani ya ile ya kumi. Akaufungua mfuko. Ulikuwa mtupu. Ndipo akazikumbuka zile tatu kambani.

Najua kuna mwerevu mmoja hapa anauliza, si angempa Ndiema ile kumi na sita? Ile ya dukani, nyembamba? Ingemfika Ndiema masikioni ikakwama pale kama kofia. Kwa watu wote wa Lukhoba pale uwanjani, nguo iliyokatwa pana ya kumwingia Ndiema ilikuwa moja, na ilikuwa mkononi mwa Khaemba. Akiivaa yeye, Ndiema anatoka, wanacheza kumi na wanne dhidi ya kumi na watano, na nguvu yao ya mbele imekwenda. Mwalimu Agesa alitazama mbali. Hakuamuru.

"Sekunde kumi," akasema mwamuzi.

Khaemba akatoa mkono wake. "Vaa," akamwambia Ndiema.

Ndiema akaivaa. Ilimbana kifua, kitovu kikabaki nje, uzi wa kwapani ukalia. Watu wa Bonde wakacheka kwa kujipiga mapaja. Mwamuzi akaandika kitabuni: huyu sasa ni kumi, yule ni kumi na sita.

Dakika saba wakasukumana bila faida. Dakika ya mwisho Bonde wakakosea, Lukhoba wakapewa penalti. Ilikuwa mahali pazuri, mbele ya nguzo, kidogo tu kando. Umbali ambao Khaemba alikuwa amepiga mara elfu akirudisha mipira ya Otsieno. Akipitisha, alama tatu, wanashinda kwa moja, na jina litakalotajwa ni lake. Akauweka mpira chini. Akaitazama nguzo. Akakumbuka nguzo nyingine, miaka mitatu nyuma, na mlio wa mpira ulipoigonga.

Kisha akamwona kumi na mbili wa Bonde, anautazama mpira. Hakutazama kitu kingine.

Khaemba akaugusa mpira kwa mguu, maana sheria inaruhusu, akaunyakua, akakimbia. Hakuna aliyetarajia. Kumi na mbili akamrukia, na mwenzake pia, wote wawili wakifuata mpira. Akawangoja. Ndiyo, akangoja! Aliwangoja hadi akasikia pumzi zao, na walipomfikia akauachia nyuma ya mgongo wake, mahali alipojua kwamba Ndiema yupo. Ndiema akaudaka. Watatu wakamparamia, akawabeba wote watatu, mmoja kiunoni, mmoja mguuni, mmoja akivuta ile kola nyeupe, akaanguka nao ng'ambo ya mstari, na mpira chini yake. Trai! Lukhoba kumi na nane, Bonde kumi na tano. Filimbi ikalia.

Khaemba alikuwa bado chini, matope mdomoni. Alisikia uwanja mzima unapiga kelele, "Kumi! Kumi! Kumi!" Akainua kichwa kuona wanamwita nani.

Jumapili asubuhi wakakutana kwenye chumba cha cherehani cha Mama Nasambu: wale vijana watatu, na Mwalimu Agesa amesimama mlangoni. Jezi ilikuwa mezani. Mama Nasambu alikuwa ametunga uzi wa manjano kwenye sindano.

"Haya, wanangu. Jina ni la kumi aliyeshinda fainali. Nishone la nani?"

Otsieno akatangulia kusema, mkono umefungwa kifuani. "Mama, miaka mitatu nimeivaa mimi. Mechi zote zilizotufikisha pale ni zangu. Alama kumi na tatu za fainali ni zangu. Hata ile siri ya kumi na mbili wao niliiona mimi. Nimetoa bega langu, na daktari amesema raga basi tena. Baba amerudi kaskazini akijua mwanawe ni kumi wa Lukhoba. Dakika nane ndizo zinifute?"

Ndiema akajikuna kidevu. Alianza kwa utani. "Mimi kitovu changu kiliona fainali yote." Hakuna aliyecheka, naye akabadilika sauti. "Mama, nitasema kweli. Sisi wa mbele tunavunjwa pua, tunakanyagwa vidole, mpira ukitoka wanasifiwa wengine. Tazama majina hayo saba. Yupo wa mbele hata mmoja? Filimbi ilipolia, aliyekuwa ndani ya jezi hiyo ni nani? Aliyetua trai ni nani? Kitabu cha mwamuzi kimeandika: kumi. Sikuiomba. Nilipewa. Lakini nikishaivaa na kushinda nayo, mtasema sikuivaa?"

Mama Nasambu akamgeukia Khaemba. "Na wewe, mwanangu?"

Khaemba alitazama sakafu. "Nimeifua mara sitini na nne," akasema. "Najua kila uzi wake. Kazi ya kumi dakika ile, nani aliifanya? Kuamua, nani aliamua? Ningepiga mkwaju ningekuwa peke yangu. Na jezi nilikuwa nayo mkononi, Mama. Mkono ulikuwa umeshaingia. Niliutoa ili tushinde. Sasa kuutoa kwangu kuwe ndiko kunaninyima?"

"Lakini zile jezi tatu ziliachwa kambani na nani?" Ndiema akauliza, si kwa ukali. "Ungezileta, ningevaa moja yao, na wewe ungevaa hii."

"Na bega," akasema Mwalimu Agesa pale mlangoni. "Ulijua wiki nzima. Ungeniambia, ungeanza wewe. Huenda tusingefika ukingoni vile. Ulinificha."

"Alinifichia mimi!" Otsieno akapaza sauti. "Nilimwomba! Mwalimu, usimhukumu kwa wema alionitendea." Akanyamaza ghafla, kwa sababu aliona kwamba ameutetea upande wa mwenzake, na hata hivyo jina bado alilitaka. Tena alilitaka sana. Wote watatu walilitaka, na walipendana, na nafasi ilikuwa moja.

"Wewe Khaemba," Mama Nasambu akasema taratibu, "unataka nini hasa? Jina?"

Kijana akaitazama jezi pale mezani. "Nataka kuivaa, Mama. Nizunguke uwanja. Hata kama itaning'inia, hata kama imepasuka kwapani. Mara moja tu, kabla haijatiwa kwenye kioo."

Mama Nasambu akaivuta jezi, akaigeuza ndani nje. Kola ilikuwa imegandwa na matope na damu. Akaweka sindano chini. "Hapa siwezi kushona. Nguo chafu haishonwi jina. Ifuliwe kwanza."

Hakuna aliyetumwa. Otsieno alikuwa na mkono mmoja. Ndiema alitazama viganja vyake. Khaemba akanyoosha mkono, akaichukua jezi, akatoka nayo. Wakamsikia kisimani akivuta maji. Akasugua damu ya Ndiema, akasugua jasho la Otsieno, akasuuza mara tatu. Akaianika kwenye kamba ile ile, pembeni ya zile tatu ambazo bado zilikuwa pale. Wenzake wawili wakatoka wakasimama naye, mmoja kulia, mmoja kushoto, na Mama Nasambu akaja na kiti chake na sindano yake, akaketi mbele ya kamba. Jua lilikuwa kali. Haikuchukua muda mrefu kukauka.

Akafua, akaanika, akangoja.

Nami nimeishia hapo, jezi imekauka na sindano ina uzi. Msinitazame mimi. Yuko aliyeibeba jezi ile hadi bega likaachia. Yuko aliyekuwa ndani yake filimbi ilipolia. Na yuko aliyeivua kabla hajaivaa, akamvika mwenzake. Mama Nasambu ameinua macho anawauliza nyinyi: jina ni moja, nafasi ni moja. Je, nani alistahili?